Kucheka Bila Kuona: Utangulizi wa Taaluma ya Vichekesho vya Redio

Tarehe 28 Machi 1948, katika kipindi kilichosikika Marekani nzima, jambazi alimsimamisha mchekeshaji Jack Benny gizani akamtaka achague: atoe pesa au atoe roho. Benny hakujibu. Watazamaji waliokuwa studio wakaanza kucheka, kicheko kikapanda, na jambazi alipomhimiza, Benny akamaka kwamba bado anafikiri. Fundi mitambo yeyote atakwambia kuwa hakuna kinachoogopwa redioni kama kimya. Sekunde chache zikipita bila sauti, msikilizaji huanza kuzungusha kitasa akidhani stesheni imekata. Siku ile kimya ndicho kilichokuwa kichekesho chenyewe, na kilifaa kwa sababu Benny alikuwa hewani tangu 1932. Kwa miaka 16 wasikilizaji walikuwa wamezoeshwa, wiki baada ya wiki, kwamba bwana huyu ni bahili wa kutupwa, mwenye kuba ya fedha chini ya nyumba yake na gari chakavu ambalo milio yake ilitolewa kinywani na mwigizaji Mel Blanc. Kwa hiyo alipokaa kimya, kila mtu sebuleni kwake alisikia anachokiwaza.

Nimeanza na mfano wa mbali kwa kusudi. Anayeingia katika taaluma hii kwa mara ya kwanza huja akidhani tunachunguza mizaha, na mizaha ya redio ikiandikwa kwenye karatasi huwa imepooza. Nimewaona wanafunzi wakinukuu dakika 10 za kipindi, wakazisoma kwa sauti mbele ya wenzao, na hakuna aliyecheka. Kinachochunguzwa hapa ni sauti ambayo watu wameishi nayo: sauti ya mtu wa aina fulani, mwenye tabia moja isiyobadilika, anayeingia nyumbani bila kubisha hodi na bila kuonekana. Sauti ikishazoeleka, hata ikinyamaza inachekesha. Na panapozoeleka sauti huzuka maswali ambayo ndiyo kiini cha kazi yetu: hiyo ni sauti ya nani, nani anaiigiza, na nani anachekwa?

Maswali hayo hujibiwa vibaya na mtu aliyeketi studio. Hujibiwa vizuri zaidi na mtu aliyeketi mbali na studio, na ndiyo maana utangulizi huu unamkaribisha msomaji aje Nyamiaga, jirani na mji wa Ngara. Wilaya hii imekaa kwenye kona ambapo Tanzania, Rwanda na Burundi zinakutana. Rusumo ipo kaskazini, Kabanga na mpaka wa Burundi upande wa magharibi, na ukishuka kuelekea Biharamulo unaiacha milima nyuma yako. Dar es Salaam iko mbali kuliko Bujumbura na mbali kuliko Kigali, na mawimbi ya redio hayaulizi pasipoti. Mzungumzaji wa Kihangaza anamwelewa mzungumzaji wa Kirundi bila mkalimani. Kwa hiyo mtu wa hapa, enzi za masafa ya kati na masafa mafupi, alikuwa msikilizaji wa mataifa matatu kwa kukaa tu barazani kwake. Alijua kulinganisha kabla hatujaunda somo la kulinganisha.

Historia ya vyombo nitaipita haraka, maana imeandikwa vizuri na wengine, akiwemo Martin Sturmer katika kitabu chake cha 1998 kuhusu historia ya vyombo vya habari Tanzania. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951 kwa mitambo ya kubahatisha iliyosikika mjini na viungani tu. Mwaka 1956 ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalivunja shirika hilo na kuanzisha Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kuanzia hapo mpaka soko lilipofunguliwa na Radio One ikaingia hewani katikati ya miaka ya 1990, Watanzania Bara walikuwa na stesheni moja ya nyumbani. Vifaa navyo vina sehemu yake katika hadithi. Kampuni ya Matsushita kutoka Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam miaka ya 1960, na jina la National likawa jina la redio na la mawe ya redio pia, yale ambayo yakichoka yanaanikwa juani yapate pumzi ya mwisho kabla ya taarifa ya habari. Tusilidharau jambo hili la betri. Nyumba yenye mawe yanayokaribia kufa huchagua cha kusikiliza, na uchaguzi huo ni ushahidi wa mapenzi kuliko dodoso lolote.

Sasa tuingie kwenye utajiri wenyewe. RTD ilikuwa redio ya kazi. Ilihubiri kilimo, siasa ya chama, afya na kisomo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio vijijini, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Katikati ya ratiba hiyo nzito ndipo walipoketi wachekeshaji. Kulikuwa na Mahoka. Kulikuwa na Mzee Jangala, jina la kuigizia la Bakari Mbelemba, ambalo lilimeza jina lake halisi kiasi kwamba wengi waliomsikiliza miaka yote hawakuwahi kulijua. Na kulikuwa na Pwagu na Pwaguzi, walioigizwa na Rajabu Hatia na Ali Keto, ambao jina lao limechukuliwa kutoka methali ya zamani kuhusu mwizi aliyempata mwizi mwenzake.

Muundo wa Pwagu na Pwaguzi ni rahisi mno, na katika urahisi huo ndimo ulimo ufundi. Wawili wanaopenda njia za mkato wanapanga njama; njama inawageukia; wanalaumiana; wiki ijayo wanaanza upya kana kwamba hawajajifunza kitu. Mwanafunzi wa fasihi atasema kwa haraka kwamba hiki ni kisa cha mjanja aliyepatikana, ndugu wa Sungura na Fisi, na hatakuwa amekosea. Ila Sungura wa ngano husimuliwa na bibi, na bibi huyo anaweza kukatizwa, kuulizwa swali, au kusimulia kwa namna nyingine kesho. Pwagu wa redio hakatizwi. Anazungumza kwa wakati mmoja na Tanga, Songea na Ngara, na wote wanapata Pwagu yuleyule mwenye kigugumizi kilekile cha uongo. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mtambaji na mchekeshaji wa redio, na naomba msomaji mpya aishike: redio iliwapa watu ambao hawajawahi kuonana mtu mmoja wa kumcheka kwa pamoja.

Kabla ya redio, kuchekana baina ya watu wa mbali kulikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ni utani. Mnyamwezi na Mzaramo, Mhehe na Mngoni, Mchaga na Mpare: kila jozi ilikuwa na leseni yake, na leseni hiyo ilikuja na wajibu, hasa msibani. Wasomi waliushangaa mapema. Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi kituo cha Amani kule Usambara, aliacha ndege zake kwa muda akaandika makala kuhusu utani wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1940, na miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliongoza kazi kubwa ya kukusanya habari zake. Mimi naushikilia msimamo ambao wenzangu wengine wanaupinga: kwamba vichekesho vya redio ya Kiswahili ni utani ulioondolewa wajibu. Mtani halisi anaweza kukutukana leo kwa sababu kesho atachimba kaburi la baba yako. Mchekeshaji wa redio anaiga lafudhi yako leo, na kesho hamjuani.

Lafudhi ndiyo chombo chake cha kwanza. Redio haina nguo, haina kitambi, haina mwendo wa kuchechemea. Ina sauti, na njia ya haraka ya kumfanya msikilizaji amwone mtu ni kumfanya amtambue kwa matamshi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi wa mwishoni mwa miaka ya 1920, na watangazaji wa RTD walikuwa ndio kipimo chake kinachosikika kila siku. Kwa hiyo kila aliyesema tofauti na mtangazaji alikuwa tayari nusu ya kichekesho: Mpemba wa dukani, Mhindi wa dukani, Mhaya anayejisifu kwa Kiingereza, Mmakonde mlinzi, mshamba aliyeshuka stendi na kuku. Herufi l na r zinazobadilishana nafasi zimeingiza watu wengi kicheko bila jasho lolote la mwandishi. Hapo ndipo msikilizaji wa Nyamiaga anapokuwa shahidi wa thamani. Yeye anacheka pamoja na taifa, na papo hapo anasikia matamshi ya kwao yakichekwa na taifa hilohilo. Hajatengwa na kicheko hicho, wala si mali yake peke yake. Asomaye vichekesho vya redio akiwa ameketi Kariakoo anaweza asiuone mvutano huu maisha yake yote.

Wamarekani walipitia jambo hilihili kwa sura ya kikatili zaidi. Kipindi kilichoipa redio yao umaarufu wa kitaifa kilikuwa Amos 'n' Andy, kilichoanza Chicago mwaka 1928 na kuingia kwenye mtandao wa NBC mwaka uliofuata. Freeman Gosden na Charles Correll, wazungu wawili, waliigiza sauti za watu weusi waliohamia mjini kutoka Kusini, na nchi nzima ilisimama kusikiliza. Mwaka 1931 gazeti la weusi, Pittsburgh Courier, liliendesha kampeni ya kukusanya saini dhidi yao. Hata hivyo walikuwepo weusi wengi waliokisikiliza na kukifurahia, na watafiti bado wanabishana maana ya furaha hiyo. Katika kipindi cha Jack Benny, mwigizaji mweusi Eddie Anderson aliingia mwaka 1937 kama mhudumu wa treni kwa onyesho moja, akawachekesha watu mno, akarudishwa kama Rochester, mtumishi wa nyumbani. Rochester alikuwa mtumishi aliyemshinda tajiri wake kwa maneno kila wiki. Kathryn Fuller-Seeley, aliyeandika kitabu kizima kuhusu Benny mwaka 2017, anaonyesha jinsi sauti ile yenye mikwaruzo ilivyokuwa mateka na mshindi kwa wakati mmoja. Nawashauri wanafunzi wa Afrika Mashariki wasome sura hizo wakiwa na Mhaya, Mpemba na Mmakonde wa redio zetu akilini.

Tofauti moja kati yetu na wao inahusu pesa. Benny alikuwa mtu wa jeli ya Jell-O kuanzia 1934, baadaye wa sigara za Lucky Strike; mchekeshaji mwenzake Bob Hope alikuwa wa dawa ya meno ya Pepsodent. Kipindi kilikuwa cha mdhamini, kikitengenezwa na kampuni za matangazo, na mchekeshaji alijifunza kumtania mdhamini wake kiasi asifukuzwe. Huku kwetu mdhamini alikuwa serikali. Mchekeshaji wa RTD alijua mpaka wake ulipo bila kuandikiwa: mlanguzi anachekwa, mvivu anachekwa, mlevi anachekwa, balozi wa nyumba kumi anachekwa kwa uangalifu, na juu ya hapo hakuna anayechekwa. Kenya hali haikuwa mbali na hapo. Leonard Mambo Mbotela, aliyeanza kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966 na kukiendesha kwa zaidi ya nusu karne, aliyakejeli makosa ya adabu ya watu wa kawaida, mtu anayekula kwa kelele, mgeni asiyejua kuondoka. Ndiye huyohuyo ambaye tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walioasi walimtoa nyumbani wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Walihitaji sauti ambayo Wakenya wangeiamini kabla hawajaamka vizuri, wakaichagua sauti ya ungwana.

Kuhusu umbo la vipindi hivyo vya Marekani, yaani ule mchanganyiko wa muziki, mzaha, mgeni mashuhuri na tangazo ndani ya nusu saa, msomaji asihangaike kuutafuta RTD. Kwetu mchanganyiko huo ulikaa jukwaani. Vikundi kama Muungano cha Norbert Chenga na baadaye TOT ya Kapteni John Komba, iliyoanzishwa mwaka 1992, viliuza tiketi moja kwa alasiri nzima yenye ngoma, kwaya, sarakasi, taarabu na kichekesho, na watu walikaa mpaka usiku. Wachekeshaji wengi walivuka kutoka jukwaa kwenda redio, kisha runinga. Nani alijifunza nini wapi ni swali ambalo bado linasubiri mwandishi.

Mwezi Julai 1993 RTD ilianza kurusha Twende na Wakati, na hapa taaluma yetu inapata hazina ambayo nchi chache zinayo. Ulikuwa mchezo wa kuigiza wa nusu saa, mara mbili kwa wiki, uliobuniwa kwa mbinu za Miguel Sabido wa Mexico ili kueneza uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI. Mhusika aliyeshika nchi alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu, ambaye taratibu anajifunza kujitegemea. Watafiti wakiongozwa na Everett Rogers, pamoja na Watanzania waliofanya kazi ya nyanjani, walipata nafasi adimu. Kituo cha Dodoma kilikuwa na utaratibu wa kurusha vipindi vyake, hivyo mchezo haukusikika kule mpaka 1995, na Dodoma ikawa mahali pa kulinganishia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 na 2000, na bado yanatajwa duniani kote kama ushahidi kwamba mchezo wa redio unaweza kubadili mwenendo.

Sibishani na takwimu zao. Ninachowasihi wanafunzi ni kuuliza swali ambalo dodoso halikuliweka mbele: kwa nini watu walimpenda Mkwaju? Kwa mpango wa Sabido mhusika mbaya huadhibiwa, na kweli Mkwaju alikufa kwa UKIMWI. Ila kabla ya kufa alikuwa mcheshi, mwenye lugha ya barabarani, na wasikilizaji walimsubiri. Fikiria mchezo huo ulivyosikika Benaco, kwenye barabara kuu iendayo Rusumo, mahali palipopata jina lake kutoka kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara na ambapo malori hulala. Pale Mkwaju hakuwa mfano wa kufundishia. Wenzake wa kweli walikuwa wameegesha nje. Kicheko cha Benaco na kicheko cha Dodoma haviwezi kuwa kitu kimoja hata vikipata alama sawa kwenye jedwali.

Benaco inatupeleka kwenye sura ambayo ningependa kuiruka, na ambayo hakuna mtu wa Ngara anayeweza kuiruka. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya muda wa takribani saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Nyuma yao kulikuwa na mauaji ya kimbari, na ndani ya mauaji hayo kulikuwa na stesheni iitwayo RTLM, iliyoanza Julai 1993. RTLM haikuingia nyumbani kwa watu kwa hotuba. Iliingia kwa muziki wa Kikongo, salamu, umbea na mizaha. Redio ya serikali ilikuwa kavu; hii ilicheka. Mtangazaji wake maarufu, Kantano Habimana, alikuwa mchekeshaji wa kipaji kikubwa, mwenye uwezo wa kuigiza, kukejeli, kumpa kila mtu jina la utani. Kwa miezi kadhaa kabla ya Aprili watu walizoeshwa kuwacheka Watutsi na wapinzani wa utawala. Kisha sauti zilezile zilizowazoeza kucheka zikaanza kutaja majina ya watu na mahali walipo. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waasisi wa stesheni hiyo, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, mnamo Desemba 2003.

Wasomi hawakubaliani juu ya kiasi cha damu kinachopaswa kuandikwa kwenye hesabu ya redio. Scott Straus, baada ya kuwahoji wauaji gerezani, anaonya kwamba wengi walishawishiwa ana kwa ana na viongozi wa mtaani na majirani, na kwamba mawimbi yenyewe hayakufika kila mahali. Naheshimu onyo hilo. Lakini taaluma ya vichekesho haiwezi kujificha nyuma yake. Nilikwisha kusema kwamba redio huondoa wajibu uliomo ndani ya utani. RTLM inaonyesha shimo lililopo mwisho wa njia hiyo. Mwanafunzi anayekuja kwetu akiamini kuwa kicheko ni kitu chema kwa asili yake atakuwa na kazi ya ziada ya kufanya katika sura hii, naye namkaribisha vilevile.

Majibu yalikuja kwa njia ya redio pia, na mengi yalizaliwa karibu na hapa. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera hukuhuku Ngara, kwa ajili ya watu wa kambini na wenyeji waliowazunguka, wasikilizaji wa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Mwaka huohuo Studio Ijambo ilianza Bujumbura, na mwandishi Marie-Louise Sibazuri akaiandikia mchezo mrefu, Umubanyi Niwe Muryango, kuhusu familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi, uliopita mamia ya sehemu. Rwanda ilipata Urunana mwaka 1999 na Musekeweya mwaka 2004. Huo wa mwisho ulichunguzwa na mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck, ambaye matokeo yake ya mwaka 2009 nayapenda kwa sababu hayakutarajiwa: wasikilizaji hawakubadilika sana katika wanachoamini mioyoni, bali walibadilika katika wanachodhani wenzao wanakiona kuwa sawa. Tazama alivyopanga utafiti wake. Watu walisikiliza kwa makundi, wakikatiza, wakicheka, wakimzomea mhusika. Mtu aliposikia jirani yake akicheka pale, alijua jirani yule anasimama wapi.

Ukiunganisha jambo hilo na vikundi vya Mtu ni Afya, na baraza lenye redio moja ya National kwa nyumba tano, utaona kwa nini nadharia nyingi za redio zilizoandikwa Ulaya zinahitaji marekebisho zikifika huku. Rudolf Arnheim, katika kitabu chake cha 1936, alisifu upofu wa redio, sauti inayomjia mtu aliye peke yake gizani. Msikilizaji wa Nyamiaga wa miaka ya 1970 na 1980 hakuwa peke yake. Sauti ya Pwagu haikuwa na uso, lakini kicheko cha jirani kilikuwa na uso, na watoto walijifunza kipi kinachekwa kwa kutazama nyuso za wakubwa. Debra Spitulnik alionyesha kule Zambia jinsi maneno ya redio yanavyotoka hewani na kuingia sokoni na kwenye mabasi, yakabeba maana mpya. Vichekesho vinafanya hivyo kuliko kipindi kingine chochote. Kuna watu wazima leo wanaotumia misemo ya wahusika wa RTD bila kukumbuka ilitoka wapi.

Kuhusu vyanzo, tusidanganyane: ukitaka kumsoma Benny unayo mamia ya maonyesho kamili, kwa sababu yalirekodiwa kwenye santuri za studio na wapenzi wakayatunza. Vichekesho vyetu vilirekodiwa kwenye rili za utepe, na utepe ulikuwa ghali, na stesheni nyingi duniani zilirekodi juu ya kilichokwisha kurushwa. Maktaba ya iliyokuwa RTD, sasa TBC, bado ina utajiri, nao wanaohangaikia kuuhamishia kwenye kompyuta wamevutwa zaidi na muziki, jambo linaloeleweka, maana muziki unauzika. Hivyo mtafiti wa vichekesho hufanya kazi kubwa kwa wazee. Na mzee akiulizwa kuhusu Mzee Jangala hasimulii kisa, anaigiza sauti. Mwanafunzi mpya huona hilo kama kikwazo kwa sababu alitaka kisa. Arekodi ile sauti. Kuiga kwa mzee ni nakala iliyopita kwenye koo la msikilizaji, na ndani yake kuna kila alichokiona cha kuchekesha, pamoja na alichokisahau.

Ushauri wangu kwa anayeanzia Ngara au Biharamulo ni huu. Usiulize kwanza kipindi gani kilipendwa. Uliza redio ilikuwa ya nani, ilikaa wapi, nani aliruhusiwa kugusa kitasa, na mawe yalinunuliwa kwa pesa gani. Kisha uliza walikuwa wakifungua stesheni ya nchi gani saa ngapi. Uliza kwa Kihangaza au Kishubi pale unapoweza, kwa sababu mtu akihojiwa kwa Kiswahili hujitahidi kusema kama mtangazaji, na hapo umeshapoteza nusu ya unachokitafuta. Wanawake waulizwe peke yao. Wengi walisikiliza wakiwa jikoni, redio ikiwa upande mwingine wa ukuta, na wana kumbukumbu ya sauti iliyo tofauti na ya wanaume waliokaa mbele yake. Walioishi Lukole, kambi ya Warundi ambayo Simon Turner aliifanyia utafiti mwishoni mwa miaka ya 1990, wana historia nyingine kabisa ya kusikiliza, iliyochanganyika na tetesi za vita vya nyumbani. Wengi walikwisha kurudi Burundi, kwa hiyo kazi hiyo inahitaji kuvuka Kabanga. Mwisho uliza swali gumu, na uliulize baada ya chai: je, kuna sauti redioni iliyokuwa inawachekesha wengine na wewe ikakuuma? Ukijibiwa kwa kicheko, andika kwamba umejibiwa kwa kicheko, na usizime kinasa sauti.